UZI: Faili limegoma kufunguka? Usifomati, usifute, lete hapa tulikague

FundiSteshenari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari jirani na chuo, huu ni mwaka wa tisa. Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kufunga vitabu vya utafiti, ila msimu wa kukusanya tasnifu ukifika nusu ya siku inaishia kwenye jambo moja: "fundi, faili langu halifunguki."

Leo asubuhi binti wa mwaka wa tatu amekaa kwenye benchi langu analia. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa kwenye flashi. Word ikamwambia faili limeharibika. Mwenzake wa bwenini akamshauri aifomati flashi ili vairasi watoke. Akafomati. Kisha akajaza nyimbo ili ajue kama flashi imepona. Faili lile lilikuwa linaokoleka kabla ya kufomati, na hata baada ya kufomati bado lilikuwa na nafasi nzuri tu. Zile nyimbo ndizo zilizoandikwa juu yake.

Imeniuma, ndiyo maana naandika. Kwa niliyoyaona mezani kwangu, wengi hawapotezi kazi kwa sababu ya hitilafu ya kwanza. Wanaipoteza kwenye yale wanayoyafanya nusu saa inayofuata, wakiwa na hofu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kulikopi hilo faili na kuliweka mahali pengine. Majaribio yote yafanyie kwenye kopi. Flashi au hadi diski lilikotoka iweke kando, usiandike kitu chochote ndani yake.

Halafu tazama ukubwa wake. Bofya kulia, ingia Properties. Likiwa na KB 0, jina lipo ila ndani hamna kitu. Jina likianza na ~$ na ukubwa ukiwa baiti 162, hilo si faili lako kabisa. Ni kijifaili ambacho Word inakiweka ili kuonyesha nani amelifungua lile faili halisi. Ukifunga Word kinajifuta, umeme ukikatika kinabaki. Nimeshapokea watu waliotoka mbali na hicho kitu kwenye flashi wakiamini ndiyo tasnifu yao, kumbe faili halisi lilibaki kwenye laptopu nyumbani. Vivyo hivyo flashi iliyopita kwenye Mac utakuta mafaili yanayoanza na ._ (nukta na mstari wa chini) yenye KB 4 tu. Hayo yaache, tafuta lenye jina kamili.

Sasa lile ninalotamani kila mtu alijue. Faili lina kichwa na lina mkia. Mkia ni zile herufi baada ya nukta: docx, pdf, jpg. Mkia ni jina tu, mtu yeyote anaweza kuubadili, na Windows kwa kawaida huuficha (ufunue kwenye View, weka tiki "File name extensions"). Kichwa ni baiti chache za mwanzo ndani ya faili lenyewe, na hizo ndizo zinazosema hili ni faili la aina gani.

Fungua ile KOPI kwa Notepad. Utaona vurugu ya alama, usiogope, wewe soma herufi za mwanzo tu, kisha funga bila kusevu. Ukiona %PDF, hiyo ni PDF. Ukiona PK, ni kifurushi cha ZIP. Herufi hizo ni za Phil Katz, aliyeleta mfumo huo mwaka 1989, na docx, xlsx na pptx zote ni ZIP tangu Office 2007. Ukiona ÐÏ mwanzoni, ni Word au Excel ya zamani, ile doc na xls. Picha ya PNG inajitaja jina kabisa, JPG inaanza na ÿØÿ. Programu za Windows zinaanza na MZ, na hapo kuwa macho: ukiona MZ kwenye kitu kilichoitwa "Matokeo.pdf", usikifungue.

Wiki iliyopita kijana kaleta "PDF" ya barua yake ya kujiunga na chuo, imegoma kwenye simu mbili na kompyuta tatu. Kichwa chake kilikuwa `<!DOCTYPE html`. Huo ni ukurasa wa tovuti. Alikuwa amekaa muda mrefu kwenye akaunti yake, ikamtoa, akabonyeza kupakua, na kilichoshuka ni ukurasa wa kuingiza nywila ukiwa umevalishwa jina la pdf. Tukaingia upya, tukapakua, dakika mbili tukamaliza. Programu ya kurekebisha PDF isingemsaidia hata angeilipia.

Aliyekwama aandike hapa: jina la faili na mkia wake, ukubwa, herufi za mwanzo, na nini kilitokea mara ya mwisho lilipofunguka vizuri. Nitajibu kadiri ninavyojua, na mafundi wenzangu naomba mnisaidie.

MwanachuoDom

Mkuu, Mungu amekuleta. Faili langu ni Tasnifu_Sura1-4_FINAL.docx, ukubwa MB 1.8. Juzi usiku nilikuwa naandika, umeme ukakatika. Laptopu yangu betri imekufa, naitumia kwa kuchomeka tu. Ilipowaka, Word inasema faili limeharibika. Nimejaribu WPS, nimejaribu kwenye simu, hola. Nimefungua kwa Notepad kama ulivyosema, sioni herufi yoyote. Ni nafasi tupu mwanzo mpaka mwisho. Msimamizi anataka kazi Ijumaa.

FundiSteshenari

Pole sana mdogo wangu. Kwanza niambie, umelisevu tena au kulihamisha tangu juzi? Na diski ya laptopu ni ya kuzunguka au SSD (ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani)?

MwanachuoDom

Sijasevu kitu. Ni laptopu ya zamani, ina hadi diski ile ya kuzunguka, inasikika kabisa.

FundiSteshenari

Hiyo ni nafuu kubwa, nitakueleza kwa nini.

Nafasi tupu ulizoziona ni sifuri. Faili lina ukubwa wake, lina jina lake, ila kila baiti ni sifuri. Hutokea hivi: ukisevu, Windows haipeleki kila kitu kwenye diski papo hapo, mengine yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda yakisubiri zamu. NTFS, mfumo ambao Windows inautumia kupanga mafaili kwenye diski, una daftari lake la kumbukumbu, lakini daftari hilo linatunza habari ZA faili: jina, ukubwa, mahali. Maandishi yako hayamo mle. Umeme ukikatika katikati, daftari linarudisha jina na ukubwa, maandishi yaliyokuwa kwenye foleni yanapotea. Kwa hiyo kwenye faili hilo hakuna cha kurekebisha. "Open and Repair" haitasaidia, na anayekuambia lipa akurekebishie sifuri, muepuke.

Lakini sikia. Word ikisevu huwa haiandiki juu ya faili la zamani. Inaandika faili jipya pembeni, la zamani inalipa jina linaloanza na ~WRL na kuishia na .tmp, jipya linachukua jina lako, kisha lile la zamani linafutwa. Yaani ile nakala ya kabla ya kusevu kwa mwisho ilifutwa dakika hizohizo, na kwenye diski ya kuzunguka kilichofutwa kinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ingekuwa SSD ningekupa matumaini madogo zaidi, maana SSD huambiwa na Windows ifute kabisa sehemu zilizoachwa wazi.

Fanya hivi. ACHA kuitumia hiyo laptopu, hata kuangalia video usiangalie. Nenda kwenye kompyuta nyingine, weka kwenye flashi Recuva (programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa), ile isiyohitaji kuinstoliwa. Kisha chomeka flashi kwenye laptopu yako, iendeshe kutoka kwenye flashi, ichague folda ya tasnifu, washa skani ya kina. Tafuta .tmp na .docx zote za tarehe hiyo. Utakachokipata kisevu KWENYE FLASHI, kamwe kisirudi kwenye diski ileile.

Wakati inaskani, pekua na hapa: kwenye kisanduku cha Run andika %appdata%\Microsoft\Word uangalie kama kuna faili la .asd (nakala ambayo Word hujisevia yenyewe), halafu %localappdata%\Microsoft\Office\UnsavedFiles. Na uliwahi kumtumia mtu yeyote rasimu kwa WhatsApp au barua pepe?

MwanachuoDom

Msimamizi nilimtumia Sura 1 mpaka 3 mwezi uliopita kwa barua pepe. Ngoja nitafute kompyuta ya kuazima. Nitarudi.

FundiLaptopKkoo

Mleta uzi ubarikiwe. Naongeza kwa wale ambao kichwa chao ni PK, maana hao ni wengi na wana bahati.

Docx ni kifurushi. Ndani yake maandishi yote yamekaa kwenye faili moja, document.xml, ndani ya folda ya word, na picha zako ziko word/media. Orodha ya vilivyomo kwenye kifurushi inaandikwa mwishoni kabisa. Ukichomoa flashi kabla kopi haijamalizika, au upakuaji ukakatika, mwisho ule unakosekana, Word inatupa mikono. Maandishi mara nyingi yapo.

Jaribu kwanza kulifungua kwa LibreOffice au Google Docs. Zinavumilia kasoro ambazo Word inazikataa. Wateja wangu wengi wanaishia hapo. Ikigoma, rudi kwenye Word: Open, Browse, bofya faili mara moja tu, kisha kile kimshale pembeni ya kitufe cha Open, chagua "Open and Repair". Ikigoma tena, badili mkia wa kopi kutoka docx kuwa zip, ifungue kwa WinRAR, tumia kile kitufe cha Repair. Itakutengenezea kifurushi kipya chenye jina linaloanza na rebuilt. Kopoa document.xml, ifungue kwenye kivinjari. Maneno yako utayaona kati ya alama nyingi. Majedwali yatavurugika, namba za kurasa zitapotea, lakini sentensi zako ulizoziumiza kichwa zipo.

Na naomba sana, tuache kukimbilia CHKDSK, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kama dawa ya kwanza.

FundiSteshenari

Hilo la CHKDSK nakuunga mkono na nina kovu lake. Mwaka wangu wa pili kazini mzee mmoja aliniletea hadi diski ya nje yenye picha za marehemu mkewe. Ilikuwa inagonga, tk tk tk. Sikuikopi. Nikaendesha chkdsk /f moja kwa moja kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Folda zikatoweka, ikabaki FOUND.000 imejaa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, mamia kwa mamia. Diski ikafa kabisa siku ya tatu.

Nilichookoa nilikiokoa kwa kusoma vichwa: kila CHK iliyoanza na ÿØÿ nikaipa mkia wa jpg. Zilirudi picha kiasi, nyingi hazikurudi. Diski inayogonga inahitaji kunakiliwa kwanza nzima kama ilivyo, kwa programu kama ddrescue, kisha ufanye kazi kwenye nakala. Nisingependa kijana yeyote anayeanza ufundi ajifunze hili kwa mali ya mtu kama nilivyojifunza mimi.

MamaWatatu

Samahani jamani, mimi si mtaalamu. Flashi yangu ya vikoba, kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato. Nikibofya inakataa. Hesabu za akina mama 30 zimo humo.

FundiLaptopKkoo

Dada, shikamoo, usiwe na wasiwasi na usibofye tena hizo njia za mkato, kila ukibofya unamwamsha yule vairasi. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Kwenye kompyuta yenye antivairasi iliyo hai, chomeka flashi, angalia ni herufi gani, tuseme E. Fungua Command Prompt, andika hivi kama ilivyo:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Utaona mafolda yako yamerudi. Mara nyingine yamekusanywa ndani ya folda moja isiyo na jina. Kopi yale yako kwenda kompyuta, ukishayafungua na kuona yapo salama ndipo unaweza kuifomati flashi. Na kompyuta iliyoambukiza isafishwe, la sivyo kesho unarudi palepale.

MamaWatatu

Marahaba baba. Yamerudi yote!! Asanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe.

MvuviWaMombasa

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi nilinunua flashi ya 2TB barabarani, bei rahisi mno. Nikaijaza. Majina ya mafaili yote naona, mia kadhaa, lakini hakuna hata moja lafunguka isipokuwa yale ya kwanza kwanza.

FundiSteshenari

Pole kaka. Hiyo flashi inadanganya ukubwa wake. Ndani pengine kuna GB chache tu, imechezewa ili itangaze 2TB. Ikijaa nafasi ya kweli, inaendelea kupokea majina, ila yaliyomo hayana pa kukaa. Yaliyofunguka yaokoe sasa hivi. Yaliyobaki hayamo kwenye flashi, kwa hiyo yatafute ulikoyatoa. Ukishamaliza kuokoa, na si kabla, ipime kwa programu ya H2testw, itakuambia ukubwa wake halisi.

MhasibuWaDuka

Mimi hali yangu mbaya zaidi. Kila faili kwenye kompyuta ya duka limeongezewa mkia wa herufi nne nisizozijua. Excel zote, picha zote. Kila folda ina _readme.txt, wanataka dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 nilipe 490. Nimejaribu kubadili mkia urudi xlsx, haifunguki. Kijana wa duka alikuwa ameweka programu ya bure ya kuvunja leseni.

FundiLaptopKkoo

Pole mno ndugu. Kwa maelezo hayo, _readme.txt na viwango hivyo, ni jamii ya STOP/Djvu, vairasi wanaofunga mafaili kisha wanadai pesa, na njia yake kubwa ni hizohizo programu za kuvunja leseni. Hapa kubadili mkia hakusaidii kwa sababu kichwa chenyewe kimefungwa kwa ufunguo.

Chomoa mtandao. Usilipe kwa haraka, kulipa hakukuhakikishii kitu. Usifomati. Nenda C:\SystemID\PersonalID.txt usome kitambulisho. Kikiishia na t1, ina maana vairasi haikufika kwenye seva yake, ikatumia ufunguo wa pamoja, na huo siku moja huweza kupatikana. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure cha jamii hii mwaka 2019, na tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, inakusanya vifunguzi vya aina hii bila malipo. Kisipoishia na t1, kwa matoleo mapya sitakudanganya, kwa sasa hakuna kifunguzi. Nakili mafaili yote yaliyofungwa kwenye diski ya nje, pamoja na ile _readme, uyahifadhi.

Jambo moja la kukufariji: jamii hii hufunga takriban KB 150 za mwanzo tu za kila faili. Excel ndogo imefungwa yote, lakini video kubwa na baadhi ya mafaili ya ZIP yana sehemu nzima ambazo zinaweza kuokolewa.

MhasibuWaDuka

Kinaishia t1. Naandika huku mikono inatetemeka. Naingia kwenye tovuti hiyo.

KameraYaHarusi

Wakuu, msaada. Nilirekodi harusi Jumamosi. Kamera ikazima betri wakati wa nasaha za baba wa bibi harusi. Faili lipo, GB 3.1, mp4, lakini halichezi popote. Nimeambiwa VLC inarekebisha, imegoma. Mzee ni mgonjwa, ile ni sauti ambayo familia inaitaka kuliko keki na dansi zote.

FundiSteshenari

VLC inajua kurekebisha AVI, siyo MP4. Tatizo lako liko hivi: MP4 ina sehemu inaitwa moov, ndiyo ramani ya picha ipi iko wapi na sauti ipi iko wapi. Kamera nyingi zinaiandika ukibonyeza kusimamisha. Betri ilizima kabla, ramani haikuandikwa. Picha na sauti zimo humo GB 3.1, hakuna anayejua zianzie wapi.

Kuna programu ya bure inaitwa untrunc. Inahitaji video nyingine nzima, iliyorekodiwa na KAMERA ILEILE kwa mipangilio ILEILE, ili ijifunze muundo na kuijenga ramani upya. Una kipande kingine cha siku hiyo?

KameraYaHarusi

Ninavyo vingi, kabla na baada. Naanza sasa. Memori kadi nimeshaitoa kwenye kamera.

MwanachuoDom

Wakuu nimerudi. Skani ilichukua saa nne. Zimepatikana ~WRL tatu, mbili zimeharibika, moja ina herufi PK mwanzoni! Nimeipa mkia wa docx, Word ikalalamika, LibreOffice ikafungua. Ni kazi yangu ya saa mbili kabla umeme haujakatika. Nimepoteza kurasa 6 za Sura ya 4 pamoja na jedwali moja. Hojaji ninazo kwenye makaratasi, naweza kuzijaza upya usiku huu.

FundiSteshenari

Nimefurahi sana mdogo wangu. Isevu sasa kwa jina jipya na ujitumie kwa barua pepe kabla hujaandika neno lingine. Njoo Alhamisi jioni, nitaacha mashine moja wazi kwa ajili yako, steshenari ina sola.

KameraYaHarusi

Untrunc imemaliza alfajiri. Dakika 38, sekunde chache za mwisho picha inaganda lakini sauti inaendelea. Nimeipeleka kwao leo mchana. Mzee ameketi nao sebuleni, wameisikiliza nasaha yote mpaka mwisho.